Upepo wa Kusi na Uso wa Mgonjwa: Kipandauso katika Historia ya Tiba na Fiqhi

  

Katika ukuta wa kibla wa msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, yamechongwa maandishi ya Kufi yenye tarehe ya mwezi wa Mfunguo Pili (Dhul-Qaada) mwaka 500 Hijria. Mwezi huo ukiuhesabu kwa kalenda ya Miladia utauangukia mwishoni mwa Juni na kuingia Julai ya mwaka 1107. Kwa mtu wa Unguja hesabu hiyo ina maana nyengine pia: ni msimu wa kusi. Waliouandika mwezi ule juu ya jiwe waliishi katika siku ambazo upepo unatoka baharini upande wa kusini, alfajiri ina ubaridi, na mwenye kutawadha nje huhisi maji usoni kuliko wakati mwengine wowote wa mwaka.

Miaka michache baada ya tarehe hiyo, mbali sana na Kizimkazi, katika nchi ya Khwarazm huko Asia ya Kati, tabibu Muislamu aitwaye Sayyid Ismail al-Jurjani alikuwa akiandika kitabu kikubwa cha tiba. Ndani yake alieleza maumivu ya upande mmoja wa uso, makali na yenye kumtia mgonjwa hofu. Maelezo yake yanahesabiwa na wanahistoria wa tiba kuwa miongoni mwa ya mwanzo kabisa kuhusu maradhi ambayo madaktari wa leo wanayaita maumivu ya mshipa wa fahamu wa tano, na ambayo sisi Waswahili tumeyaweka pamoja na maumivu mengine ya kichwa na uso chini ya jina moja: kipandauso.

Makala hii inaitazama kadhia moja iliyo kati ya tiba, hali ya hewa na fiqhi. Mtu mwenye maradhi haya, ambaye upepo wa kusi au tone la maji baridi humpiga usoni kama shoti ya umeme, udhuru wake ni baridi au ni maradhi? Swali linaonekana dogo. Lakini jawabu lake ndilo litakaloamua twahara yake, na kama atawajibika kuzilipa swala zake, na juu ya yote namna jamaa wa msikitini watakavyomtazama.

Pepo za Unguja

Maisha ya kisiwa chetu yamepangwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma takriban kutoka Disemba hadi Machi, na ndio uliokuwa ukizileta jahazi kutoka Oman, Ghuba na Bara Hindi. Kusi huanza baada ya hapo na huendelea hadi Septemba au Oktoba, na ndio uliokuwa ukizirejesha. Kati ya pepo hizo kuna masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Disemba. Joto la mchana mwezi wa Februari hufika nyuzi 32 au 33, na usiku wa Julai na Agosti hushuka hadi karibu nyuzi 20 au 22.

Wazee wetu waliujua upepo kwa manufaa yake na kwa madhara yake. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja majahazi bandarini na kung'oa mikarafuu mingi ya mashamba ya kisiwa, na tangu hapo Pemba ikashika nafasi ya mbele katika karafuu. Hata hivyo tumekatazwa kuutukana upepo. Katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Ubayy bin Ka'ab (r.a.), Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba mtu akiuona upepo anaouchukia amuombe Mwenyezi Mungu kheri yake na ajikinge Kwake na shari yake. Mafundisho hayo yanakubali mambo mawili kwa pamoja: kwamba upepo umo katika amri ya Mola, na kwamba unaweza kumdhuru mtu.

Ukitembea katika Mji Mkongwe utaona namna watu walivyojenga wakiuzingatia upepo. Kuta nene za mawe na chokaa huzuia joto, na vichochoro vyembamba huleta kivuli. Lakini vichochoro hivyo hivyo, vile vinavyofungukia baharini, hugeuka njia ya upepo wakati wa kusi. Mtu mzima wa afya husimama kwenye kona na kushukuru. Mgonjwa wa kipandauso hufika kona ile ile akashika shavu.

Maneno ya matabibu wa Kiislamu

Kuhusisha maradhi na hewa hakukuanza jana. Kitabu cha tabibu wa Kiyunani Hippocrates kuhusu hewa, maji na miji kilifasiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad katika karne ya 9 Miladia. Ibn Sina (980–1037), katika kitabu cha kwanza cha al-Qanun, ameweka milango mizima kuhusu hewa, majira ya mwaka, na tabia ya kila upepo kulingana na unakotoka. Mfumo wao ulikuwa wa hali nne: moto, baridi, ukavu na rutuba. Athari yake ipo mpaka leo katika maneno ya waganga wa pwani yetu, wanaposema mtu huyu mwili wake wa baridi na yule wa moto, na wanapomkataza mgonjwa chakula fulani kwa sababu kina baridi.

Matabibu hao walikuwa wapambanuzi. Abu Bakr al-Razi (aliyefariki 925) na Ibn Sina waliandika kwa urefu juu ya laqwa, yaani kupooza kwa uso, ambako mdomo huenda upande na jicho halifumbiki. Huo ni ugonjwa wa mshipa wa fahamu wa saba, ule unaotikisa misuli ya uso. Kipandauso tunachokizungumzia hapa ni jambo jengine: uso haupindi, wala haupoozi, bali unauma. Mshipa unaohusika ni wa tano, wenye kuleta hisia za paji la uso, shavu, taya, meno na ufizi. Watu wengi mpaka leo wanayachanganya maradhi haya mawili kwa kuwa yote ni ya uso na yote hunasibishwa na upepo.

Ama al-Jurjani, aliyefariki karibu mwaka 1136, aliandika kitabu chake Dhakhira-yi Khwarazmshahi kwa Kifarsi na akamtunuku mtawala wa Khwarazm. Wanahistoria wanamnukuu kuwa alitaja maumivu ya upande mmoja wa uso yanayofuatana na mkutuko na wasiwasi, na kwamba aliyahusisha na kuwepo mshipa wa damu karibu na mshipa wa fahamu. Tuliweke neno hili kando, kwani tutalirudia.

Huko Ulaya, mwanafalsafa John Locke, ambaye pia alikuwa tabibu, alieleza Disemba 1677 hali ya mke wa balozi wa Uingereza mjini Paris, aliyekuwa akipatwa na maumivu ya ghafla ya upande mmoja wa uso. Bibi huyo alikuwa amekwisha kung'olewa meno bila ya kupata nafuu. Baadaye Mfaransa Nicolas André mwaka 1756 na Mwingereza John Fothergill mwaka 1773 waliyaeleza maradhi haya kwa urefu zaidi.

Jino lisilo na kosa

Kung'olewa jino zima ni sehemu ya kudumu ya historia ya maradhi haya. Maumivu hutua kwenye taya au ufizi, mgonjwa huonesha jino, naye mng'oaji hulitoa. Siku chache kukiwa shwari, watu husema jino ndilo lililokuwa baya. Kisha maumivu hurejea, na jino la pili huondoka, na la tatu.

Sisi watu wa karafuu tuna dawa yetu ya jino. Mafuta ya karafuu yana kitu kiitwacho eugenoli, ambacho hufanya ganzi, na matabibu wa meno duniani wamekitumia tangu karne ya 19. Karafuu ikiwekwa kwenye jino lililooza humpa mtu nafuu ya kweli. Lakini kwa kipandauso cha mshipa wa fahamu haifui dafu, kwa sababu chanzo cha maumivu hakipo kinywani. Kipo ndani ya fuvu, pale mshipa wa tano unapotokea kwenye shina la ubongo.

Hapa ndipo neno la al-Jurjani linaporejea. Katika karne ya 20 daktari mpasuaji wa Marekani Walter Dandy alieleza kwamba kwa wagonjwa wengi aliowapasua aliona mshipa wa damu umeulalia mshipa wa fahamu. Mwaka 1967 Peter Jannetta akaeleza upasuaji unaofanywa kwa msaada wa darubini, wa kuitenganisha mishipa hiyo miwili. Mgandamizo wa muda mrefu huuchubua utando unaoufunika mshipa wa fahamu, mfano wa waya wa umeme uliochunika ngozi yake. Waya ukichunika, moto huruka kutoka waya mmoja kwenda mwengine. Hivyo hivyo, hisia ya mguso mwepesi huruka ikaingia katika njia ya maumivu.

Upepo unafanya nini usoni?

Kwa maelezo hayo tunaweza kufahamu kwa nini upepo wa Unguja, ambao si baridi kwa kipimo cha nchi za theluji, humtesa mgonjwa huyu. Upepo ni mguso. Unapopita juu ya ngozi hugusa vinyweleo na kuipooza ngozi kidogo, na kwa mgonjwa huyu hilo linatosha. Mambo mengine yenye kuamsha maumivu ni kuosha uso, kupiga mswaki, kutafuna, kunyoa na kusema. Maumivu hudumu kuanzia sehemu ya sekunde hadi kiasi cha dakika mbili, kisha hukatika, kisha hurudi, pengine mara nyingi kwa siku moja. Jambo la ajabu ni kwamba mara nyingi mguso mwepesi huamsha maumivu kuliko mkandamizo imara.

Kutokana na hayo, pangaboi la msikitini na kiyoyozi cha ofisini vinaweza kumfanyia mgonjwa kama kusi linavyomfanyia ufukweni. Ama mabadiliko ya uzito wa hewa na unyevunyevu wa masika, wagonjwa wengi husema huyahisi, lakini tafiti hazikukubaliana juu yake. Lililo thabiti ni upepo na ubaridi unaogusa uso wenyewe.

Kuna tabia moja ya maradhi haya inayowapoteza watu. Huja kwa vipindi. Mgonjwa huweza kuteseka wiki kadhaa kisha akakaa miezi bila ya kuumwa kabisa, bila ya sababu inayoonekana. Ikitokea nafuu imekuja wakati kusi linapoondoka, watu watasema ni kaskazi lililomponya. Ikitokea amekunywa kombe au amepiga chuku siku ile, nafuu itahesabiwa ni ya chuku. Na kwa kuwa katika lugha yetu neno upepo pia hutumika kwa jini, wapo watakaosema ana upepo, wakamtoa kwenye hewa ya kusi wakamtia kwenye mambo ya ghaibu. Kumsomea mgonjwa Qur'ani na kumuombea ni sunna. Lakini kumsomea hakuzuii kumpeleka hospitali, kwani Mtume (S.A.W.) amewaamrisha waja wajitibu, kama ilivyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Usama bin Sharik (r.a.).

Kauli ya Imam Nawawi juu ya maumivu ya jino

Sasa tuje kwenye fiqhi. Vitabu vya Imam Nawawi (aliyefariki 676 H) ndio nguzo ya madhehebu ya Shafi katika mwambao wetu. Darsa za Unguja zama za Sayyid Ahmad bin Sumayt na Sheikh Abdallah Bakathir, ambao wote wawili walifariki mwaka 1925, zilisimama juu ya elimu hiyo.

Katika al-Majmu', Imam Nawawi ameyagawa maradhi kwa upande wa tayammamu. Fungu la kwanza ni maradhi madogo ambayo mtu akitumia maji haogopi kuangamia, wala kuchelewa kupona, wala kuzidi maumivu, wala kubaki na aibu kubwa katika kiungo cha dhahiri. Mifano aliyoitoa ni kuumwa na kichwa, kuumwa na jino, na homa. Mwenye maradhi ya fungu hili haruhusiwi kutayammamu, bila ya hitilafu ndani ya madhehebu.

Mwanafunzi akisoma kwa haraka atashika neno moja tu, jino, akamwambia mgonjwa wetu: wewe unaumwa na jino, huna rukhsa. Huo ni msiba wa pili wa mgonjwa huyu. Mng'oaji alidhani ni jino akaling'oa, na mwanafunzi amedhani ni jino akamnyima rukhsa. Wote wawili wametazama mahali maumivu yanapotua, hawakutazama hali yenyewe.

Ukirudi kwenye maneno ya Imam Nawawi utaona sharti lipo wazi. Jino na kichwa vimetajwa kama mifano ya maradhi ambayo maji hayayazidishi maumivu. Na katika fungu jengine ameeleza kuwa mwenye kuogopa kuchelewa kupona au kuzidi maradhi, na akafasiri kuzidi huko kuwa ni wingi wa maumivu hata kama muda wake haukurefuka, ana rukhsa kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Mgonjwa ambaye maji usoni humwamshia mateso makali yumo ndani ya maneno hayo ya pili.

Baridi au maradhi?

Hapa ndipo hali ya hewa inapoingia katika hukumu. Katika Minhaj imetajwa kwamba baridi kali ni kama maradhi katika kuruhusu tayammamu. Lakini hukumu zake zinatofautiana baadaye. Aliyetayammamu kwa ajili ya baridi hulipa swala yake kwa kauli iliyo dhahiri zaidi. Aliyetayammamu kwa maradhi yanayozuia maji katika viungo vyote, au katika kiungo kimoja kisichofungwa kitambaa, halipi, isipokuwa akiwa na jeraha lenye damu nyingi.

Sababu ya tofauti hiyo waliyoitaja maulamaa ni kwamba maradhi ni udhuru wa kawaida wenye kutokea sana, ama kukosa chombo cha kupashia maji wakati wa baridi ni jambo la nadra. Sasa tumpime mgonjwa wetu. Je, anatayammamu kwa sababu ya baridi ya Julai? Hapana. Nyuzi 20 za Unguja si baridi kali kwa mtu yeyote mwenye afya, na jirani yake anatawadha kwa maji yale yale akaenda zake. Kinachomzuia ni mshipa wake wa fahamu uliochubuka. Upepo na ubaridi ni vichocheo, na maradhi ndiyo illa. Kwa hivyo udhuru wake unahesabiwa katika mlango wa maradhi, na mwenye kumuambia alipe swala za miezi mitatu ya kusi amemuweka katika mlango usiokuwa wake.

Ndiyo maana elimu ya tiba ina kazi katika mas-ala haya. Lau tungesema maradhi haya yanaletwa na baridi, kama watu wengi wanavyoamini, hukumu ingesogea upande wa baridi. Kwa kujua kwamba baridi huamsha tu kilichokuwepo, tunamuweka mtu mahali pake. Mafakihi wameshurutisha kwamba madhara yajulikane kwa tabibu muadilifu au kwa uzoefu wa mgonjwa mwenyewe, ikiwa anajua tiba. Kwa hivyo hatua ya kwanza ya imamu ni kumuelekeza muulizaji kwa daktari.

Utaratibu wa twahara yake

Kabla ya kufika kwenye tayammamu zipo ngazi, na ni wajibu kuzipanda kwa mpango.

Kwanza, apashe maji moto. Mwenye uwezo wa kupasha maji na yasimdhuru yakiwa na uvuguvugu, haruhusiwi kutayammamu. Wagonjwa wengi watatulia hapa hapa. Watu wa Mji Mkongwe hawakuwa wageni wa maji ya moto: Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, aliwajengea watu hamamu ya Hamamni, ambayo jengo lake lipo mpaka leo.

Pili, apunguze mguso. Kuosha uso mara tatu ni sunna, na faradhi ni mara moja. Kusukutua na kupandisha maji puani ni sunna katika madhehebu yetu. Kusugua pia si sharti kwetu, inatosha maji yapite juu ya ngozi. Mswaki ni sunna iliyosisitizwa, lakini haipasi kumletea mtu madhara.

Tatu, atawadhe mahali pasipo na upepo. Atawadhe nyumbani, si kwenye birika la uwanjani, na ajifunike kilemba au mtandio anapotoka. Kufunika mdomo ndani ya swala ni makruhu, lakini makruhu huondoka kwa haja.

Nne, ikiwa yote hayo hayafai na maji bado yanamwamshia maradhi, ataosha sehemu ya uso isiyoumwa akiweka nia, atatayammamu kwa ajili ya ile inayoumwa kabla ya kuhamia mikononi, kisha ataendelea na udhu wake. Udongo ataupitisha usoni kwa kiganja kilichokandamiza, bila ya kupapasa. Ikifika faradhi nyengine na udhu wake haujatenguka, atarejea tayammamu peke yake. Na ikiwa hata udongo humdhuru, basi hapo mas-ala yamezidi uzito na yana maelezo juu ya kulipa, na amuulize mwanachuoni ana kwa ana.

Ikiwa upepo wa usiku ni mkali au maumivu yamemshika, ana udhuru wa kuacha jamaa. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Ibn Umar (r.a.), katika usiku wa baridi na upepo, aliwatangazia watu waswali majumbani mwao, akaeleza kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiamrisha hivyo.

Walioulizwa na walioamua bila kujua

Huenda mtu akaikumbuka Hadithi ya Muslim inayosifu kukamilisha udhu katika hali zenye kuchukiza, akasema mgonjwa na avumilie. Hadithi hiyo ni haki. Lakini inahusu uzito ambao nafsi huuchukia, kama ubaridi wa maji alfajiri kwa mtu mzima wa afya. Haikukusudia madhara, kwani aya ya 6 ya Suratul Maida imemtaja mgonjwa kwa jina la ugonjwa wake katika wale wenye rukhsa ya tayammamu.

Tuna visa viwili vya zama za Mtume (S.A.W.) alivyovipokea Abu Daud, na tunapaswa kuvisoma pamoja. Cha kwanza ni cha Amr bin al-As (r.a.) katika vita vya Dhatus-Salasil, mwaka wa 8 Hijria. Alipatwa na janaba usiku wa baridi kali, akaogopa kuangamia, akatayammamu na akawaswalisha wenzake. Alipoulizwa na Mtume alitoa hoja ya aya inayokataza mtu kujiua, na Mtume akacheka wala hakumkosoa. Cha pili ni cha mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini. Aliwauliza wenzake kama ana rukhsa, wakamwambia hana kwa kuwa maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) aliwalaumu vikali, akawahesabu kuwa ndio waliomuua, na akabainisha kwamba tiba ya ujinga ni kuuliza.

Yule wa kwanza alipewa nafasi kwa kufahamu kwake. Wale wa pili hawakuwa na nia mbaya, bali walitaka kuichunga ibada. Kosa lao lilikuwa kutoa fatwa juu ya mwili wa mtu mwengine bila ya elimu.

Nasaha kwa maimamu na wanafunzi

Maradhi haya si mengi, na huwapata zaidi wanawake na wengi wao wamevuka umri wa miaka 50. Lakini imamu anayeswalisha kwa miaka mingi hatakosa kukutana na mmoja wao. Atamjua kwa dalili: maumivu ya ghafla kama umeme, ya upande mmoja, yenye kuamshwa na upepo, maji, chakula au maneno. Huenda amekwisha kung'olewa meno. Huenda ameacha kuja alfajiri tangu kusi lilipoanza, na watu wameshamnong'ona.

Mpeleke hospitali. Dawa ya karbamazepini, ambayo faida yake kwa maradhi haya ilielezwa na daktari Sigfrid Blom wa Sweden mwaka 1962, bado ndiyo inayoanziwa. Hutumiwa chini ya uangalizi wa daktari, haianzwi wala haiachwi ghafla kwa kujiamulia, na mwenye kutokwa na vipele baada ya kuinywa arejee hospitali haraka. Inapokuwa haifai, kuna upasuaji. Pale Mnazi Mmoja kipo kitengo cha upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu kilichojengwa kwa ushirikiano na taasisi ya NED ya Hispania, na Dar es Salaam ipo taasisi ya MOI ya Muhimbili. Akiwa mgonjwa ni kijana, au anaumwa pande zote mbili, au uso umeingia ganzi, asicheleweshwe, kwani huenda kuna sababu nyengine nyuma yake.

Kisha mfanyie wepesi msikitini. Mzimie pangaboi lililo juu ya safu yake, au mpatie nafasi pembeni. Usimlazimishe kuadhini wala kusoma kwa sauti, maana kwake kila herufi ya midomo ni hatari. Asiposalimia kwa maneno marefu, usidhani ni kiburi.

Msikiti wa Kizimkazi umesimama zaidi ya miaka mia tisa ya Hijria, na kila mwaka kusi limeupiga ukuta wake. Katika karne zote hizo hapana shaka wamo waliotawadha pale huku wameshika shavu, na hawakuwa na jina la ugonjwa wao wala dawa. Sisi tumepewa vyote viwili, na tumepewa fiqhi iliyokwisha kuwaandalia nafasi tangu mwanzo. Haifai wabaki nje ya msikiti kwa sababu ya upepo ambao hatukuwauliza unawafanya nini.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.